Kwa nini anayetafuta "kurejesha mkopo" haletewi ukurasa wa "Marejesho ya mikopo"

Swali la msomaji: Nasimamia tovuti ya mwongozo wa programu inayotumiwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Kurasa ni 180 hivi, zote kwa Kiswahili. Tovuti nimeijenga kwa VitePress, zana ya kujengea tovuti za nyaraka, na nikawasha utafutaji wake wa ndani bila kugusa mpangilio wowote. Makatibu na waweka hazina wa vikundi wanalalamika kwamba hawapati wanachokitafuta. Mtu akiandika "kurejesha mkopo", ukurasa wetu wa "Marejesho ya mikopo" unatokea chini kabisa ya orodha; akiandika "kufuta mwanachama", analetewa kurasa za kufuata taratibu za kikao. Je, nihamie huduma ya kulipia, au nilichonacho kinarekebishika? Wengi wao wanatumia simu.

Jibu: Ndugu msomaji, usihame bado. Mifano yako yote miwili ina chanzo kimoja, na chanzo hicho kitakufuata popote utakapokwenda usipokishughulikia: zana nyingi za utafutaji zimejengwa kwa kudhani kwamba neno hubadilika mwishoni, ilhali neno la Kiswahili hubadilika kwanza upande wa mbele. Habari njema ni kwamba maktaba ya msimbo wa kutafuta iliyo ndani ya VitePress, yaani MiniSearch, inakuruhusu kuingilia kati mahali panapohusika, na kwa tovuti ya kurasa 180 kazi hiyo si kubwa.

Tuanze na kinachotokea sasa. Unapoijenga tovuti, VitePress hukata kila ukurasa kwa kufuata vichwa vyake, na kila sehemu huingizwa katika faharasa, yaani orodha ya maneno inayotumiwa kutafutia, kama ingizo linalojitegemea, likiwa na kichwa chake, vichwa vilivyo juu yake, na matini yake. Matini hugawanywa kuwa maneno kila penye nafasi au alama ya uandishi, kisha herufi zote hufanywa kuwa ndogo. Mtu anapoandika swali, swali lake hupitia hatua hizohizo, na kila neno hulinganishwa na faharasa kwa njia tatu: kama lilivyo, kama mwanzo wa neno refu zaidi, na kwa kuvumilia tofauti ya herufi chache, ili makosa ya uchapaji yasimwangushe mtafutaji. Uvumilivu huo, usipouweka mwenyewe, VitePress huuweka kuwa 0.2, maana yake ni kwamba idadi ya herufi za neno huzidishwa kwa 0.2, jibu hukadiriwa kuwa namba kamili, na hiyo ndiyo idadi ya mabadiliko yanayokubaliwa. Neno lililopatikana kwa njia ya tatu hupewa chini ya nusu ya uzito wa neno lililopatikana kama lilivyo.

Sasa chukua "kurejesha". Lina herufi 9, kwa hiyo mabadiliko 2 yanaruhusiwa. Ili kulifikia "marejesho" unahitaji mabadiliko 3: k iwe m, u iwe a, na a ya mwisho iwe o. Ili kulifikia "amerejesha" unahitaji 3 pia, na "urejeshaji" vivyo hivyo 3. "Imerejeshwa" liko mbali zaidi. Maana yake ni kwamba ukurasa ulioandikwa kwa Kiswahili fasaha, wenye "marejesho" kwenye kichwa na "mwanachama aliyerejesha" kwenye matini, haupati hata pointi moja kutokana na neno ambalo ndilo kiini cha swali. Kinachobaki ni "mkopo", ambalo lina herufi 5 na kuruhusiwa badiliko 1, kwa hiyo linaifikia "mikopo", lakini kwa ule uzito wa chini ya nusu. Kurasa nyingi zilizoandika "mkopo" kwa umoja zinaupita ukurasa wako. Na kwa kuwa programu nzima inahusu mikopo, foleni ni ndefu.

Mfano wa pili ni uleule uliopinduliwa. "Kufuta" lina herufi 6, linaruhusiwa badiliko 1, na "kufuata" liko umbali wa herufi moja tu. Kwa zana, mtu aliyeandika "kufuta" huenda alisahau kubonyeza a. Hata "kusajili", kwa herufi zake 8 na mabadiliko yake 2, humfikisha mtu kwenye "kusafiri", kwani zinatofautiana kwa j na f, kisha l na r. Vitenzi vyetu ni vifupi na herufi moja hubeba maana nzima, kwa hiyo uvumilivu unaosaidia katika lugha yenye maneno marefu hapa unageuka kuwa chanzo cha vurugu. Zaidi ya hayo, nashuku kwamba ukurasa mwenyewe umeuita "Kuondoa mwanachama", na neno "kufuta" halimo ndani yake kabisa. Hilo nalitenga, nitalirudia.

Kabla ya kugusa zana, niseme kwa nini kuhama hakukuondolei tatizo. Ungekuwa unatumia MkDocs, zana nyingine ya kujengea tovuti za nyaraka, utafutaji wake hutumia maktaba ya Lunr, ambayo usipoielekeza vinginevyo huchukulia kwamba matini yako ni ya Kiingereza na kuyakata maneno kwa kanuni za Kiingereza: "asakinishe" hupoteza e yake ya mwisho, huku ku-, ana- na ili- zikibaki mahali pake. Pagefind, zana ya utafutaji ambayo naiheshimu sana kwa mambo mengine, hukata viambishi kwa kanuni za Snowball, mradi wenye kanuni za kukata maneno ya lugha mbalimbali, na Kiswahili hakimo humo. Maktaba kubwa ya Lucene, iliyo chini ya injini ya utafutaji ya Elasticsearch, nayo haina kichanganuzi cha Kiswahili kilicho tayari. Hakuna swichi ya kuwasha. Kwa hiyo ni afadhali ufanye kazi hii ukiwa mahali ambapo una ruhusa ya kuifanya, na MiniSearch inakupa ruhusa hiyo pande zote mbili, upande wa faharasa na upande wa swali.

Hatua ya kwanza, hata hivyo, haihitaji mstari hata mmoja wa msimbo. Katika mpangilio wa kawaida wa VitePress, kichwa cha sehemu hupewa uzito wa 4, matini 2, na vichwa vya juu yake 1. Kichwa chako ndicho chenye sauti kubwa kuliko yote. Mwandishi wa mwongozo hupenda nomino, kwa sababu nomino zina heshima: "Marejesho ya mikopo", "Usajili wa wanachama", "Usimamizi wa faini". Mtumiaji aliye kwenye kikao huku wenzake wakimsubiri huandika kitenzi. Badilisha vichwa vya sehemu za maelekezo viwe vitenzi vya ku-, kama "Kurejesha mkopo kabla ya muda", na uache nomino kwa kurasa zinazoeleza dhana. Pia vunja kurasa ndefu kwa vichwa vidogo, kwa kuwa ukurasa usio na vichwa vidogo huingia katika faharasa kama ingizo moja zito, na mtafutaji hutupwa juu ya ukurasa badala ya kupelekwa penye jibu. Usiiharakishe hatua hii ili ufike kwenye msimbo. Katika tovuti nyingi nilizoziona ndiyo iliyoleta tofauti kubwa zaidi.

Hatua ya pili ni mizizi. Wengi wakifika hapa hutaka kuandika kanuni kamili ya kuchanganua kitenzi cha Kiswahili: kiambishi cha nafsi, kisha cha wakati, kisha kirejeshi, kisha cha mtendwa, kisha mzizi na minyambuliko. Ni zoezi zuri la isimu, lakini tovuti ya mwongozo haina haja nalo. Mwongozo hutumia vitenzi vilevile tena na tena, kwani programu yako ina vitufe vichache na mambo machache ya kufanya. Andika orodha ya mizizi ya vitenzi hivyo mwenyewe. Mzizi wenye herufi 5 au zaidi hauhitaji kanuni yoyote ya viambishi, kwa kuwa neno lolote lenye "rejesh" ndani yake ni neno la kurejesha, liwe "kurejesha", "marejesho", "yaliyorejeshwa" au "narejeshaje". Angalia pia kwamba mzizi huo unaliacha "kurejea" nje, jambo ambalo ndilo tunalolitaka.

Katika faili la usanidi la VitePress, chini ya `themeConfig.search.options.miniSearch.options`, weka funksheni ya namna hii:

```js
processTerm: (neno) => {
  const n = neno.toLowerCase()
  const mizizi = ['rejesh', 'sajil', 'thibitish', 'hifadh', 'badil']
  const umoja = new Map([
    ['mikopo', 'mkopo'],
    ['vikundi', 'kikundi'],
    ['wanachama', 'mwanachama'],
  ])
  const msingi = umoja.get(n) || mizizi.find((m) => n.includes(m))
  return msingi ? [n, msingi] : n
}
```

Kila neno linaingia katika faharasa kama lilivyo, na kama lina mzizi tunaoujua, mzizi nao unaingia pamoja nalo. Neno zima tunalibakiza kwa sababu watu hutazama majibu huku bado wanaandika: aliyefika "kureje" hajakamilisha mzizi, na kinachomsaidia wakati huo ni ulinganishi wa mwanzo wa neno. Wingi na umoja wa nomino nimeuweka katika orodha ya wazi, jozi kwa jozi. Usijaribu kukata m-, mi-, ki- na vi- kwa kanuni, maana utakata "kikao" ubaki na "kao", na "vigezo" ubaki na "gezo", kisha uanze kuandika orodha ya visivyokatwa, ambayo itakuwa ndefu kuliko orodha ya jozi uliyoikwepa.

Kwa upande wa swali, andika funksheni nyingine na uiweke chini ya `searchOptions`, ambayo tofauti yake ni mstari wa mwisho tu: irudishe `msingi || n`, yaani kitu kimoja. Ukiacha ile ya kwanza itumike pande zote mbili, neno "kurejesha" litahesabiwa mara mbili katika swali huku "dharura" lisilo na mzizi kwenye orodha likihesabiwa mara moja, na mpangilio wa majibu utaelemea upande mmoja. Ukija kuamua kwamba maneno yote ya swali lazima yapatikane, hali itakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa zana itadai neno na mzizi wake vyote viwili vipatikane. Kumbuka pia kwamba VitePress huigeuza funksheni yako kuwa maandishi na kuituma kwenye kivinjari, kwa hiyo haiwezi kutumia kitu kilichotangazwa nje yake. Ndiyo maana orodha ziko ndani ya funksheni, na ndiyo maana utalazimika kuzirudia katika ya pili. Si nadhifu, lakini inafanya kazi.

Mizizi mifupi ndiyo yenye mtego, na hapa nakuomba uwe mwangalifu. Kishawishi ni kuongeza "lip" katika orodha ile ili kulikamata "kulipa", "malipo" na "mlipaji". Ukifanya hivyo, "alipoingia", "ulipotuma" na "walipofika" vyote vitahesabiwa kuwa habari za malipo, kwa kuwa -li- ya wakati uliopita ikifuatwa na -po- huzaa "lip" papo hapo, na mwongozo wa programu umejaa sentensi za "mwanachama alipo..." kila ukurasa. Vivyo hivyo "poke" la kupokea hukutana na "alipokesha" na "ilipoketi". Kwa mizizi ya herufi 3 au 4, kama ya kulipa, kukopa, kufuta, kutuma na kuweka, acha kutafuta mzizi ndani ya neno; orodhesha maumbo mazima katika ile `Map` (orodha ya jozi iitwayo `umoja` katika msimbo), yote yakielekezwa kwenye neno moja: "kulipa", "kulipwa", "analipa", "amelipa", "hajalipa", "atalipa", "malipo", "ulipaji", "mlipaji", yote kwenda "lipa". Maumbo yaliyomo katika kurasa zako unaweza kuyapata kwa kutoa orodha ya maneno yote ya tovuti, kila neno mara moja, na kuisoma. Maumbo ya watumiaji hayamo humo. Mwongozo husema "mwanachama analipa". Mtumiaji huandika "nalipaje", "nitalipaje", "nimelipa mara mbili". Nafsi ya kwanza na ile -je ya mwisho hazipo popote katika kurasa zako, kwa hiyo ziongeze kwa mkono.

Baada ya mizizi kukaa sawa, punguza uvumilivu. MiniSearch inakubali funksheni mahali pa namba, nami ningeandika `fuzzy: (t) => t.length > 6 ? 0.15 : false`. Maneno ya herufi 6 kushuka chini hayavumiliwi kabisa, na hapo "kufuta" linaachana na "kufuata". Maneno marefu yanabaki na nafasi ya kosa moja au mawili, kwa hiyo aliyeandika "mwanachma" bado atafika. Fanya hivyohivyo kwa `prefix`, yaani ulinganishi wa mwanzo wa neno, uiruhusu kwa maneno yenye herufi zaidi ya 3 tu, la sivyo "ya" katika swali litaleta kila neno linaloanza kwa ya-. Maneno kama "ya", "wa", "kwa", "na", "jinsi", "namna", "naomba" na "nataka" ni bora kuyaondoa moja kwa moja, kwa kuifanya funksheni ya upande wa swali irudishe `null` inapokutana nayo. Orodha hiyo iwe fupi. Nimewahi kuona watu wakiweka humo "kabla" na "baada", ilhali "kabla ya muda" na "baada ya muda" ni maswali mawili tofauti kabisa kwa mtu anayerejesha mkopo. Kwa upande mwingine, sikushauri udai maneno yote ya swali yapatikane. Watumiaji wako wataandika sentensi nzima kama wanavyomwandikia mtu ujumbe, na neno moja la adabu likikosekana katika ukurasa, jibu zima linapotea.

Ukishazima uvumilivu kwa maneno mafupi, utabaki na makosa ya aina moja ambayo si ya uchapaji. Watu huandika wanavyotamka: "kulejesha", "kusajiri", "kusibitisha", "hifazi". Njia rahisi ni kupondaponda tofauti hizo, yaani kugeuza kila r kuwa l, dh kuwa z, th kuwa s, katika faharasa na katika swali pia. Njia hiyo ina gharama mbili. Ya kwanza ni kwamba "kura" inakuwa "kula", na kikundi chako kina uchaguzi wa viongozi. Ya pili huwa haionekani mpaka mtu alalamike: VitePress hukoleza kwa rangi, ndani ya dondoo la jibu, lile neno lililolingana katika faharasa, na kama faharasa ina "lejesh" iliyopondwa, hakuna kitakachokolezwa katika matini yenye "rejesh". Kwa hiyo fanya kupondaponda upande wa swali tu, na kwa ajili ya kulinganisha tu: ponda neno la mtumiaji, ponda na mizizi ya orodha yako, vikilingana urudishe mzizi ulioandikwa sahihi. Hapo aliyeandika "kulejesha" ataona "Marejesho" likiwa limekolezwa katikati yake, bila kujua kwamba alikosea.

Jambo dogo linalokaa karibu na hilo ni ng'. Kwa kuwa zana hugawanya maneno penye alama za uandishi, "ng'ombe" huvunjwa kuwa "ng" na "ombe". Kama mna ukurasa wa mikopo ya mifugo, weka funksheni ya `tokenize` inayoiondoa alama hiyo, iwe imenyooka au imepinda, kabla ya kugawanya maneno, na "ng'ombe" litakuwa "ngombe" pande zote mbili. Watu wengi huandika hivyo kwenye simu hata hivyo.

Sasa turudi kwenye "kufuta" na "kuondoa". Hili ni suala la msamiati, wala mizizi haiwezi kulitatua. Waandishi wa programu wameamua kitufe kiitwe "Ondoa". Watu wanasema kufuta, kutoa, hata kumtoa kwenye kikundi. Vivyo hivyo kwa "nywila", ambayo mwingine ataiita "nenosiri", mwingine "namba ya siri", na mwingine ataandika "password" kama alivyoizoea kwenye simu. MiniSearch haina kamusi ya visawe, lakini ile `Map` inaweza kuibeba kazi hiyo kwa kuelekeza maneno yote ya kundi kwenye moja. Napendelea njia hiyo kwa majina ya vitu tu. Kwa vitendo, ni bora neno la mtumiaji liandikwe katika sentensi ya kwanza ya sehemu yenyewe: "Ukitaka kumfuta mwanachama aliyehama, tumia kitufe cha Ondoa." Sentensi hiyo inamsaidia mtafutaji, inamsaidia anayesoma bila kutafuta, na inazisaidia injini za nje kama Google, ambazo hazitaiona `Map` yako kamwe.

Utajuaje kwamba umeboresha kitu badala ya kukihamisha tu? Waulize wanaopokea simu za msaada wakupe maswali kama watu walivyoyauliza, kwa maneno yaleyale. Andika kila swali na ukurasa unaopaswa kutokea katika majibu matatu ya kwanza. Kisha tengeneza programu ndogo ya Node inayopakia MiniSearch, inaingiza kurasa zako kwa funksheni zilezile, na kuyapitisha maswali yote. Iendeshe kila unapoongeza mzizi au kubadilisha namba ya uvumilivu. Bila orodha hiyo utajikuta unarekebisha utafutaji kwa ajili ya mtu aliyelalamika mwisho, na kuuharibu kwa wale ambao hawakulalamika.

Maneno ya kisanduku chenyewe yatafsiriwe pia, chini ya `translations`. Kitufe kiwe "Tafuta". Kwa `noResultsText`, zingatia kwamba VitePress huandika maneno yako, kisha hubandika baada yake alichokiandika mtumiaji ndani ya alama za kunukuu, kwa hiyo "Hakuna kilichopatikana kwa" inasomeka vizuri, ilhali "Samahani, hatukupata jibu." inaacha neno likining'inia baada ya nukta. Kurasa ambazo hazisaidii mtu, kama orodha ya mabadiliko ya matoleo ya zamani, zitoe katika faharasa kwa kuandika `search: false` katika sehemu ya juu ya ukurasa husika.

Umesema wengi wanatumia simu. Faharasa ya VitePress haipakuliwi pamoja na ukurasa. Hupakuliwa mtu anapofungua kisanduku cha kutafuta, lakini hupakuliwa nzima. Baada ya kujenga tovuti, fungua folda ya matokeo, utafute faili linaloanza kwa `@localSearchIndexroot`, na uangalie ukubwa wake baada ya kubanwa jinsi seva yako inavyolibana. Maneno ya ziada ya mizizi yataongeza kidogo, si sana, kwa kuwa mzizi mmoja hutumiwa na maumbo mengi. Kwa kurasa 180 sioni sababu ya wasiwasi. Zikifika maelfu, hapo ndipo Pagefind inapostahili kufikiriwa, kwa kuwa yenyewe hukata faharasa vipande vidogo na kivinjari hupakua vile tu vinavyohusika na swali. Utakachopoteza ni ile nafasi ya kuingiza mizizi wakati wa kujenga faharasa: katika kiolesura chake unaweza kulibadilisha neno la swali kwa `processTerm`, lakini upande wa faharasa itabidi uongeze maneno katika kurasa zenyewe. Ukienda huko, hakikisha kila ukurasa umetangazwa kwa `lang="sw"`, maana Pagefind hutenga faharasa kwa kufuata lugha iliyoandikwa humo, na ukurasa mmoja uliosahaulika ukabaki na lugha nyingine hautaonekana na anayetafuta kutoka kurasa za Kiswahili.

Ama huduma za nje, Algolia ina mpango wa bure kwa tovuti za nyaraka za kiufundi uitwao DocSearch, na Typesense na Meilisearch ni programu huria unazoweza kuziweka kwenye seva yako. Zote zina uvumilivu wa makosa, na zote zinakukuta na somo lilelile la "kufuta" na "kufuata": Algolia, isipoelekezwa vinginevyo, huvumilia kosa moja kuanzia neno la herufi 4, na Meilisearch kuanzia herufi 5. Typesense ina kitu kimoja cha kuvutia kwa Kiswahili, nacho ni uwezo wa kutafuta katikati ya neno katika sehemu utakayoichagua, ambao unaweza kuupunguza mzigo wa viambishi. Ningeifikiria siku mtakapohitaji kutafuta katika mwongozo na katika majibu ya huduma kwa wateja kwa pamoja, au mtakapotaka kumbukumbu za maswali yaliyokosa majibu, kwa kuwa utafutaji wa ndani ya kivinjari hauandiki popote mtu alichokitafuta.

Kumbukumbu hizo unaweza kuzipata hata sasa, kwa msimbo mdogo unaotuma kwenye seva yako maneno ya swali lililokosa majibu. Ukizianzisha, fahamu kwamba mweka hazina akikiona kisanduku cha kutafuta, mara nyingine ataandika humo jina la mwanachama au namba yake ya simu, akidhani ndiyo sehemu ya kumtafutia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kumbukumbu ya namna hiyo inaweza kukuingiza ndani yake bila kukusudia. Futa tarakimu zote kabla swali halijatoka kwenye kivinjari, usihifadhi anwani ya kifaa, na uhifadhi tu maswali yaliyoulizwa zaidi ya mara moja. Jina la mtu kwa kawaida haliulizwi mara mbili kwenye mwongozo. "Nalipaje faini" litaulizwa kila wiki, na hilo ndilo la kuongeza katika orodha yako.